Umeme wa Lufira na Diski za Kasungami

Mtu atakaye kujua kwa nini diski za kompyuta huharibika katika mtaa wa Kasungami, ulioko katika komini ya Annexe inayouzunguka mji wa Lubumbashi, hana budi kuiacha kompyuta yenyewe kwa muda na kwenda hadi maporomoko ya mto Lufira, pale Mwadingusha, ambako mnamo mwaka 1930 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilianza kuzalisha umeme kwa nguvu za maji, baada ya kuuziba mto ule kwa bwawa lililozaa ziwa la Tshangalele. Umeme ule haukukusudiwa taa za nyumba. Ulikusudiwa mitambo na matanuri ya shaba, na mji ulipata sehemu yake kwa kuwa mji wenyewe ulizaliwa na shaba. Vikafuata vituo vingine: Koni mwaka 1950, Nzilo mwaka 1952 na Nseke mwaka 1956, na kila kilipozinduliwa kimoja, mteja wake alikuwa ameshajulikana zamani, naye ni mgodi.

Uhuru ulikuja, kampuni ikataifishwa, shirika la umeme la taifa, SNEL, likaundwa mwaka 1970, na hata hivyo mpangilio ule haukubadilika sana. Serikali ya Zaire ilipojenga waya mkuu kutoka bwawa la Inga, karibu na bahari ya Atlantiki, hadi Kolwezi, mwendo wa kilomita zipatazo 1,700, kazi iliyokamilika mwaka 1982, umeme ulipita juu ya vijiji visivyohesabika bila kuteremka hata kimoja, kwani umeme wa mkondo mnyoofu uliopitishwa katika waya ule hauwezi kuchotwa njiani kwa wepesi, na shabaha yake ilikuwa migodi ya kusini. Hata Mwadingusha yenyewe, iliyokuwa imechakaa, ilifufuliwa ilipohitajika kuulisha mgodi mpya wa Kamoa-Kakula, uliofunguliwa mwaka 2021. Mitaa iliyoongezeka pembezoni mwa Lubumbashi baada ya waasisi wa mji kufumba macho imeunganishwa mwishoni mwa mkufu huo mrefu, na ndiyo inayokatiwa kwanza. Umeme huja, huondoka, hurejea ukiwa hafifu, kisha huruka juu ghafula kwa kishindo kinachounguza balbu, na watu wakishasema kwamba ni delestaji, yaani mgawo wa umeme, hapana anayeuliza zaidi.

Wako wasemao kwamba vijana wa mitaa hiyo hawajui kutunza vyombo vya kisasa, na kwamba kompyuta ikifia mikononi mwao ni kwa uzembe wao. Mimi naona kauli hiyo ni dhuluma. Fundi wa Kasungami anayeketi mbele ya diski iliyovurugika anaipokea hitilafu iliyoanza miaka tisini na zaidi iliyopita, wakati wahandisi walipoamua umeme wa nchi hii uelekee wapi kwanza, na ustadi alioupata katika kuirekebisha ni sehemu ya historia ya mji kama zilivyo reli na tanuri la shaba.

Diski ninayoikusudia hapa ni ya namna ya pekee, nayo yataka maelezo. Kompyuta pepe ni programu inayojifanya kompyuta kamili ndani ya kompyuta nyingine: ile yenye chuma na waya huitwa mwenyeji, na ile isiyo na mwili huitwa mgeni. Mgeni haoni diski ya kweli. Anachokiona yeye kuwa diski ni faili moja kubwa lililowekwa katika diski ya mwenyeji, liitwalo taswira ya diski, na ndani ya faili hilo mna mfumo mzima wa uendeshaji, pamoja na programu, hesabu, barua na picha za mtumiaji. Faili hilo likiwa salama, kompyuta nzima yaweza kuchukuliwa mfukoni kutoka Kasungami hadi komini ya Ruashi na kufunguliwa huko ikiwa kama ilivyoachwa. Likiharibika, vyote vilivyomo huzama pamoja.

Fikra hii ni kongwe kuliko wengi wadhanivyo. Mapema mwaka 1967, katika kituo cha kisayansi cha IBM mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, Robert Creasy na wenzake waliendesha mfumo ulioitwa CP-40, ambao kwa msaada wake watu kadhaa waliweza kuitumia mashine moja kubwa kwa wakati mmoja, kila mmoja akijiona kwamba ana mashine yake peke yake, na diski yake ndogo iliyokatwa katika diski kubwa. Mwaka 1972 IBM iliutangaza mfumo wa namna hiyo kwa wateja wake kwa jina la VM/370. Kisha, kwa muda mrefu, jambo hili likabaki mali ya mabenki, vyuo vikuu na mashirika makubwa yenye mashine za thamani, hata kampuni ya VMware, iliyoanzishwa mwaka 1998, ilipotoa mwaka uliofuata programu iliyofanya kazi hiyo katika kompyuta ya kawaida ya mezani. Mfaransa Fabrice Bellard alitoa QEMU mwaka 2003, nayo kampuni ya Innotek ya Ujerumani ikatoa VirtualBox mwaka 2007, na kwa kuwa programu hizi mbili zilipatikana bila malipo, ziliweza kufika hata kwa watu ambao nauli ya kwenda mjini ni jambo la kufikiriwa mara mbili.

Huku kwetu kompyuta pepe iliingia kwa haja. Mwenye duka la kupiga chapa na kutoa fotokopi anayo programu ya hesabu iliyotengenezwa kwa Windows ya zamani, isiyokubali kompyuta mpya, basi huiweka Windows ile ya zamani ndani ya kompyuta pepe na kuendelea na kazi yake. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi mwenye kompyuta moja tu ya mtumba, anayetaka kujifunza Linux bila kufuta kazi zake za masomo, hufanya vivyo hivyo. Hivyo faili moja hubeba riziki ya nyumba au mitihani ya mwaka mzima, nalo limelala juu ya diski inayotegemea umeme wa Lufira na Inga.

Hitilafu yenyewe huingia hivi. Tuseme mwenye duka anaandika madeni katika daftari, na mwanzoni mwa daftari ameweka fahirisi ionyeshayo kila mdeni yuko ukurasa gani. Akiitwa nje ghafula baada ya kuandika deni jipya na kabla ya kuigusa fahirisi, deni lipo lakini hapana njia ya kulifikia. Na kama alianza na fahirisi, jina litaonekana ilhali ukurasa ni mtupu. Kila diski ina fahirisi ya namna hiyo, na kukatika kwa umeme ndiko kuitwa nje. Lakini katika kompyuta pepe fahirisi ni tatu zilizopandana: mgeni anayo yake, faili la taswira linayo yake, na mwenyeji anayo yake, na baya zaidi ni kwamba mgeni huambiwa kuwa maandishi yake yamekwisha kufika katika diski hali yangali yanangoja katika kumbukumbu ya mwenyeji, ile inayofutika mara moja umeme uondokapo. Mgeni basi hujenga juu ya msingi ambao haujamiminwa.

Katika faili la VirtualBox la namna inayokua kidogo kidogo, diski hugawanywa katika vipande vya megabaiti moja moja, na kila kipande huwekwa katika faili kwa kufuata zamu ya kuandikwa kwake, wala si kwa kufuata mahali pake katika diski. Diski ya gigabaiti 20 ina vipande 20,480, na ramani iliyo mwanzoni mwa faili ndiyo pekee ijuayo kipande cha 300 kimewekwa wapi. Ramani ikiharibika, maandishi yote yangali yapo, kila herufi na kila tarakimu, lakini yamekaa shaghalabaghala. Watu wengi hukata tamaa hapo. Fundi mwenye ilimu ndipo anapoanza.

Sayansi ya kuyapanga upya maandishi hayo ina nasaba yake. Katika miaka ya 1970, Ted Kowalski alianzisha katika mfumo wa Unix programu iitwayo fsck, ambayo kazi yake ni kuipitia diski yote baada ya ajali, kuilinganisha fahirisi na kurasa, na kuzisuluhisha zinapohitilafiana. Ila programu hiyo ilihitaji pa kuanzia: diski za Unix za zama zile ziliweka maelezo yao makuu mahali pamoja tu, na pakiharibika hapo hapakuwa na pa kushika. Marshall Kirk McKusick na wenzake wa chuo kikuu cha Berkeley, katika mfumo walioutoa mwaka 1983, waliyanakili maelezo hayo katika kila fungu la diski, na katika kila fungu wakayasogeza mbele kidogo kuliko fungu lililotangulia, hata nakala zikazunguka diski kwa mshazari, na ikawa sahani moja nzima ya diski yaweza kuangamia bila nakala zote kuangamia nayo. Naustaajabia mpango ule kila nikiufikiri. Watu wale walikuwa na umeme wa kutosha na mashine za fahari, na bado waliandika kama watu waliojua kwamba msiba utakuja.

Hatua ya pili ilikuwa ya kuandika azma kabla ya tendo. Diski ikawekewa shajara, na kila badiliko likaandikwa kwanza humo, kisha ndipo likatekelezwa mahali pake. Umeme ukikatika katikati, mfumo ukiamka husoma shajara, ukalitimiza lililokwisha kuandikwa kwa ukamilifu na kuliacha lililobaki nusu. Fikra hii ilitumiwa kwanza katika hifadhidata, ikaingia katika mifumo ya makampuni makubwa katika miaka ya 1990, na watumiaji wa Linux wakaipata kwa jumla mwaka 2001, Stephen Tweedie alipokuwa ameiongeza katika mfumo wa ext3. Watu wa miji yenye umeme wa kudumu huenda wasiihisi faida yake kwa miaka. Huku Kasungami shajara hufanya kazi karibu kila juma.

Nimeketi kando ya fundi mmoja wa mtaa huu akiifufua taswira ya mwenye duka la kupiga chapa, na nilichokiona kilinifunza zaidi ya vitabu. Jambo la kwanza alilolifanya ni kukataa kulifungua faili. Mwenye duka, mama wa makamo aliyekuwa na haraka na wasiwasi, alimsihi ajaribu tu kuiwasha, pengine itakubali, naye akamjibu kwa upole, "Mama, nikiiwasha itaandika juu ya maiti wake." Akaunganisha diski ya pili na betri, akaanza kunakili kwa programu ya ddrescue, ambayo Antonio Diaz Diaz ameitunza tangu mwaka 2004, na ambayo kwa mazingira yetu naiona kuwa neema: huchukua kwanza sehemu zisomekazo kwa wepesi, huziruka zile mbovu na kuzirejea baadaye, na wakati wote huandika katika faili dogo kila ilipopita, hata umeme ukikatika mara tatu kabla ya alasiri, kazi huendelea pale pale ilipokomea. Nakala ilipotimia akaipiga alama ya SHA-256, yaani tarakimu na herufi 64 zinazobadilika kabisa hata ikiwa biti moja tu ya faili imegeuka, akaiandika alama hiyo katika daftari la karatasi kwa kalamu. Kisha akafanya nakala ya nakala. Diski ya asili akaifunga katika mfuko na kumrudishia mwenyewe.

Baada ya hapo tu ndipo alipogusa. Taswira ile ilikuwa ya namna ya qcow2, inayotumiwa na QEMU, na kwa kuikagua iligundulika kwamba ina makosa ya aina mbili: mafungu yaliyohesabiwa kuwa yana mwenyewe hali hayana, ambayo hula nafasi bila kudhuru, na mafungu yanayodaiwa na wenyewe wawili, ambayo ndiyo hatari, kwani atakayeandika wa mwisho humfuta mwenzake. Aliyasuluhisha ya kwanza kwa amri moja. Ya pili aliyaandika katika daftari kwanza, moja baada ya jingine. Alipoingia ndani ya diski ya mgeni, ambaye hapa alikuwa wa Linux, akakuta maelezo makuu yamefutika, pale mwanzoni kabisa, na mfumo ukadai kwamba hapana diski ya kusomwa. Basi akaiambia programu ya ukaguzi ianze katika bloki nambari 32768. Nambari hiyo haikubuniwa na fundi. Mfumo wa ext4 wa Linux wenye bloki za baiti 4,096 huzipanga bloki 32,768 katika kila fungu, na bloki ya kwanza ya fungu la pili ndiyo iliyobeba nakala ya kwanza ya maelezo makuu, urithi wa moja kwa moja wa mpango ule wa Berkeley wa mwaka 1983. Majina ya mafaili yakaanza kushuka katika kioo. Mama yule alisimama.

Lubumbashi ilikwisha kupata kazi iliyofanana na hii kabla ya kompyuta kufika mitaani. Mwaka 1965, mji ulipokuwa ungali unaitwa Elisabethville, André Yav aliandika, kwa niaba ya watumishi wa nyumbani wa zamani, historia ya mji kwa Kiswahili cha Katanga, akaiita Vocabulaire de Ville de Elisabethville. Ilipigwa chapa na kutolewa nakala chache kwa mashine ya kunakili, na maandishi yake hayakufuata kanuni yoyote ya kitabu: maneno yameunganishwa pasipotarajiwa na kukatwa pasipostahili, vituo vimekosekana au vimezidi, herufi zimeandikwa kwa kadiri ya sikio. Msomaji aliyefundishwa Kiswahili cha shule aliiona kuwa karatasi iliyoharibika. Johannes Fabian, mtaalamu wa elimu ya jamii za watu, alipoitayarisha ichapishwe, hakuisahihisha. Alimwomba Kalundi Mango, mwenyeji wa lugha ile, aisome kwa sauti, kwa sababu yaliyofichwa na tahajia yalidhihirika mara yaliposikika kinywani; na kitabu kilipotoka mwaka 1990 kwa jina la History from Below, andiko la asili lilikuwa na mahali pake, usomaji ule ukawa na pake, na tafsiri ikawa na pake.

Wenye kuitafiti historia ya Katanga wamekisifu kitabu hicho kwa yale kinachoyasimulia juu ya Wazungu na watumishi wao, nao wana haki. Mimi naongeza sifa ya pili, kwa ajili ya namna kilivyotengenezwa. Mhariri mwenye pupa angalinyoosha kila sentensi, akatuachia maandishi laini ambayo hapana ajuaye wapi Yav anasema na wapi mhariri. Kadhalika mtu akiiendesha programu ya ukarabati juu ya diski ya asili na kuiruhusu ikubali kila pendekezo lake, huenda akapata diski inayowaka bila malalamiko, ilhali mafaili yaliyomo yamechanganywa, na hapana tena ushahidi wa kurejea. Diski iliyokarabatiwa vibaya ni mbaya kuliko iliyoharibika, kwa maana ile iliyoharibika haijasema uongo.

Kwa sababu hiyo mafundi wetu wameweka desturi ambazo sasa zafaa kuandikwa, maana hadi leo hufundishwa kwa kuketi kando tu. Mgeni huzimwa kwa amri yake mwenyewe betri ingali na nguvu, wala haachwi alale ndani ya mwenyeji usiku. Taswira mama haiguswi tena mara taswira tanzu zikishajengwa juu yake, kwani tanzu huhifadhi tofauti peke yake, na mama akibadilika watoto wote hupotoka. Nakala huchukuliwa mgeni akiwa amezimwa, huhesabiwa alama yake, na moja huwekwa katika komini nyingine. Na nakala ambayo haijapata kufunguliwa hata mara moja kwa majaribio haihesabiwi kuwa nakala. Hili la mwisho ndilo gumu kuliko yote kuwashawishi wateja, kwa kuwa hudai diski ya ziada na saa za umeme, na vyote viwili ni ghali.

Katika diski ya mama yule sehemu kubwa ilirudi na majina yake. Mafaili mengine, yaliyopotewa na fahirisi, programu iliyakusanya katika saraka ya lost+found, ambayo mifumo ya ukoo wa Unix huiweka tayari kwa ajili ya yatima wa namna hiyo, na humo hayakuwa na majina ila nambari. Mashine haikuweza kusaidia zaidi, wala fundi, kwa kuwa hakuwahi kuiona kazi ya duka lile. Ilibidi mwenyewe avute kiti, afungue moja moja na kulisoma kwa sauti: hii ni risiti ya shule, hii ni barua ya msiba ya jirani, hii sijui, weka kando; na fundi akawa anaandika jina la kila moja kadiri alivyoambiwa, akiiacha ile nambari mwishoni mwa jina, ili mtu akija kushuku baadaye ajue faili hilo lilitoka wapi.